Leonida na Mji wa Kabla ya Maji

Kwanza niliseme hili, maana mtaani kwetu Buzebazeba kuna watu hawaweki akiba ya maneno: mdogo wangu Leonida si mganga, si nabii, na kichaa hana. Anaanika dagaa. Miaka kumi na tisa ameshuka ufukweni Kibirizi alfajiri kununua dagaa wabichi, akawaanika, akawageuza, akawafukuzia kunguru, na jioni akawajaza kwenye magunia. Ukimpunja kisado kimoja atakutukana wewe na babu yako aliyekwisha kufa. Ukifiwa, yeye ndiye wa kwanza kufika mlangoni na mzigo wa kuni. Huyo ndiye Leonida. Mimi ni Rozalia, dada yake, mwalimu mstaafu wa shule ya msingi. Sote wawili tumefiwa na waume, tunakaa nyumba moja, na hakuna siku inayopita hatujagombana kuhusu chumvi ya mboga.

Yaliyotupata yalianza mwaka ule Serikali ilipolifunga ziwa miezi mitatu, kuanzia katikati ya Mei, samaki wapate kuzaana. Wanaume waligeuza mitumbwi kifudifudi, wakacheza bao. Wanawake wa dagaa walirudi nyumbani. Sasa, Leonida hajui kukaa. Alifagia uwanja mara tatu kwa siku, akafua mapazia yasiyo na uchafu, akaanza kunikagulia sufuria zangu. Nikamwambia, "Hebu tulia, mwanamke, utanitoa roho!" Akatulia. Laiti ningemwacha afagie.

Ilikuwa Alhamisi, saa nane mchana, tumekwisha kula. Leonida ameketi kwenye mkeka uani anachambua maharage. Mara mikono ikasimama juu ya ungo. Macho yako wazi, lakini hanitazami. Nikamwita, kimya. Halafu akafungua mdomo, na sauti iliyotoka haikuwa yake. Ilikuwa nyembamba, ya mwanamke kijana, na Kiha chake kilikuwa cha zamani kuliko hata cha bibi yetu wa Kalinzi.

"Mwakeye," akanisalimia. Nikaitikia. Ningefanyaje? Salamu ni salamu.

Akasema anaitwa Nyanzira, anatwanga ulezi, na mtoto wake mgongoni anaota meno. Akasema mji wao ni mkubwa, uko kwenye uwanda, na milima imeuzunguka pande zote. Akaeleza namna wanavyosuka nyua za matete, namna wanavyopanga foleni ya jiwe la kusagia, na jinsi mwanamke fulani alivyojipenyeza mbele ya wenzake. Alisimulia karibu nusu saa. Kisha Leonida akapepesa macho, akaendelea kuchambua maharage, hana hili wala lile. Nilipomwuliza alikuwa wapi, akanijibu, "Hapa hapa. Wewe umekula nini?"

Nilitaka kunyamaza, lakini tulikuwa na mpangaji, Bwana Jonathan, kijana wa halmashauri aliyehamishiwa huku kutoka Njombe. Siku ya pili yake hali ile ilipojirudia, alikuwepo. Kiha hakijui hata neno. Nilipomtafsiria, alirukaruka. "Mwalimu, huo ni mji wa kale uliopotea! Andika!" Akaninunulia madaftari makubwa matatu. Nikaandika, na nikawa nauliza pia, kwa sababu ukimwuliza Nyanzira anajibu. Jonathan alitaka wafalme na dhahabu. "Muulize mfalme wao ni nani." Nikauliza. Nyanzira akasema mfalme hajapata kumwona, ila mbuzi wa mfalme wamekula mtama wake mara mbili na hakuna aliyemlipa. Nilicheka mpaka machozi. Hapo ndipo nilipomwamini kidogo, maana mtu anayetunga uongo hatungi wa mbuzi.

Na yeye alidhani mimi ni nani? Alidhani mimi ni mzimu wa bibi yake, unaosemea ndani ya kinu anapotwanga. Mimi Rozalia, mjumbe wa jumuiya, mlipa zaka, mzimu! Lakini kila nilichomwambia alikitii. Siku moja nilimwambia ampake mtoto asali kwenye fizi, na kesho yake akanishukuru.

Kila mara alipokuja, kule kwao ilikuwa siku inayofuata. Hakuruka siku hata moja. Sisi huku angeweza kukaa kimya siku tatu, nne, lakini akirudi anaanzia pale pale alipoachia. Mwanzoni sikulitilia maanani.

Hofu ilianza siku ya saba. Nyanzira alikuwa anaipua chungu, akapiga yowe. Leonida akazinduka ameshika mkono. Kidole gumba kilikuwa na lengelenge la moto, jipya, limejaa maji. Na uani kwetu siku hiyo hakukuwashwa hata kibiriti, tulikula viporo. Leonida akasema labda ni mdudu. Mdudu gani! Mimi nimeungua jikoni miaka hamsini, lengelenge la moto nalijua. Usiku ule sikula. Nilijua tangu hapo kwamba kinachompata yule mwanamke kule, kinampata mdogo wangu huku.

Haya, ukisha kujua hilo, sikiliza kilichofuata.

Siku ya kumi na mbili Nyanzira alikuja analalamika. Ng'ambo ya ua wake wanaishi mume na mke, wasiri sana, hawakaribishi mtu. Kila jioni jikoni kwao hutoka harufu ya nyama asiyoijua. Aliokota mfupa uliotupwa uani: mwembamba, mweupe, umechongoka kama sindano. "Bibi, ni mnyama gani mwenye mifupa ya namna hii?"

Ule ulikuwa mwiba wa samaki. Mji usio na ziwa, usio na mto, watu hawajapata kumwona samaki, na jirani anakula samaki kila jioni.

Mtu yeyote aliyekulia huku kwetu anaijua hadithi ile. Zamani hapakuwa na ziwa, palikuwa na uwanda na mji. Palikuwa na mume na mke wenye kisima kisicho na mwisho nyuma ya nyumba yao, kimejaa samaki, na miko yake ilikuwa moja tu: asikione mtu mwingine. Mume akasafiri kwenda kuleta chumvi. Huku nyuma siri ikatoka, kisima kikaoneshwa watu, ardhi ikapasuka, na maji yakaufunika mji na wote waliokuwamo. Ndilo ziwa hili tunaloogea. Bibi alikuwa akitusimulia huku anatumenyea viazi, na sisi tulikuwa tunacheka.

Nilimweleza jirani yetu Ziada, mwanamke wa Ujiji aliyeolewa hapa mtaani. Sikumwambia mtu mwingine, kwa kuwa Ziada siri anaiweka. Akasikiliza, akavuta ushungi. "Hata kwetu wazee waliisimulia hivyo hivyo, jirani. Sasa siku maji yakija, mdogo wako atakuwa wapi?"

"Uani kwangu, kwenye mkeka."

"Nami ndilo ninalouliza. Atakufa maji kwenye mkeka?"

Nilikwenda kwa katekista, akaja, akasali, akanyunyiza maji ya baraka mpaka kwenye banda la kuku. Kesho yake saa nane Nyanzira akanisalimia kama kawaida, akasema kwao kumenyunya. Nilimpeleka Leonida hospitali, wakampima presha, wakasema ni nzima kuliko yangu. Nilimnyima maharage, nikamnyima mkeka, nikamfanya asimame mchana kutwa. Alianza kusemea amesimama, ameshika ufagio.

Nikabaki na tumaini moja. Ziwa lilikuwa lifunguliwe tarehe kumi na tano Agosti, siku ya Bikira Maria kupalizwa mbinguni. Nilimjua mdogo wangu: akipata dagaa wake, akipata wa kugombana naye pale mchangani, hatakuwa na nafasi ya kumkaribisha mtu kichwani. Kwa hiyo nikawa nahesabu siku pande mbili. Huku nahesabu siku za kufungua ziwa, kule nahesabu za Nyanzira, naomba huku kufike kwanza. Kila alipokuja nilimwuliza jambo lile lile. "Jirani yako mwanamume yupo?" "Yupo, bibi, anatengeneza mlango." Namshukuru Mungu. "Jirani yupo?" "Yupo, amelewa." Namshukuru Mungu tena. Sijapata kushangilia ulevi namna ile.

Mwishoni mwa Julai nikauliza, naye akajibu, "Hayupo. Ameondoka asubuhi na wenzake, wamekwenda Uvinza kuchukua chumvi."

Nilifunga daftari. Sikuandika hata tarehe.

Kesho yake nikafunga virago vyetu. Jonathan akanifuata mlangoni, ameshika simu yake ya kurekodia. "Shikamoo Mwalimu. Samahani, mnaondoka wakati ndio tunafika patamu?"

"Patamu? Baba, ukitaka mji wa kale kauchimbe mwenyewe. Huyu ni mdogo wangu!" Nilimfokea mpaka majirani wakachungulia. Masikini, hakuwa na kosa, hadithi ya kisima haijui. Lakini siku ile hata padre angenisimamia mbele ningemfokea.

Tulipanda Kalinzi kwa kaka yetu Pastory, kwenye nyumba ya wazazi. Niliwaza hivi: kule ni juu, maji hayafiki, na kazi ipo. Pastory alikuwa na kahawa ya mwisho kwenye vichanja, inataka kuchambuliwa punje moja moja. Leonida akaishambulia. Siku ya kwanza kimya. Siku ya pili kimya. Wiki ikapita, mbili zikapita. Mdogo wangu akanenepa, akaanza kumkagulia wifi yetu sufuria. Mimi kila saa nane mchana nilikuwa nakaa mbele yake natazama mikono yake, mpaka saa tisa ipite ndipo naenda kunywa maji.

Tarehe kumi na nne Agosti, asubuhi, wenzake walimpigia simu kutoka Kibirizi. Mitumbwi imegeuzwa, taa zinafungwa, kesho ziwa linafunguliwa. Leonida alipiga kigelegele. "Dada, kesho kutwa nataka niwe mchangani!" Nilimkumbatia, akashangaa, sisi si watu wa kukumbatiana. Nilijisemea: Rozalia, umeshinda.

Saa nane mikono ikasimama juu ya kahawa.

"Bibi!" Nyanzira alikuwa na furaha. "Ulikuwa wapi? Nimekuita tangu alfajiri. Mke wa jirani amenihurumia, amenipa bakuli la ile nyama. Tamu! Nimemwuliza anaitoa wapi, amegeuza uso."

Kwake ilikuwa kesho yake tu. Wiki mbili zangu zote za kukimbia hazikumpunguzia hata siku moja. Pastory alikuwa karibu, akaja, akaona uso wa dada yake, akakaa chini bila kuulizwa.

Sasa nisikilize vizuri, kwa sababu hapa ndipo nilipokosea, na nimelirudia kosa hili kichwani mpaka nimechoka. Ningeweza kunyamaza. Ningeweza kusema, "Panda mlimani na mtoto wako, mimi bibi yako nimesema," na angepanda. Nilianza hivyo hivyo. "Nyanzira, mfunge mtoto mgongoni, uondoke hapo sasa hivi. Panda mlimani."

"Kwa nini, bibi?"

Miaka thelathini na minne nimesimama mbele ya watoto. Mtoto akiniuliza kwa nini, najibu. Sijapata kumwambia mtoto "kwa sababu nimesema". Ni ugonjwa wa kazi, hauponi kwa kustaafu.

"Maji yanakuja," nikamwambia.

"Maji ya wapi? Ni kiangazi."

"Ya kisima cha jirani yako! Kiko nyuma ya nyumba yao, hakina mwisho, ndimo wanamotoa hiyo nyama. Watu wakikiona tu, maji yatapanda yafunike mji mzima."

Nikasikia anacheka, na hakuwa anasema na mimi tena. Alikuwa anapaza sauti kwa watu wengine. "Njooni! Njooni msikie! Mzimu wa bibi umesema hawa wana kisima cha nyama! Nyuma ya nyumba! Vunjeni huo ua!"

Yesu wangu. Miaka yote bibi alivyosimulia, siri ilitoka, siri ilitoka, hakuna aliyejua ilitoka kwa nani. Ilitoka kwangu. Mwalimu mzima, na daftari mapajani.

"Nyanzira, usiende!" Nilipiga kelele mpaka koo likauma. "Waache! Rudi!" Nikasikia matete yanavunjika, namaanisha nilisikia kwenye pumzi zake, kwenye vicheko vyake, na ghafla vicheko vikakatika. Akasema polepole, "Bibi, miguu yangu imelowa."

Pastory akaniminya mkono, akanionesha. Pindo la gauni la Leonida lilikuwa linalowa. Hapakuwa na maji popote, vumbi la kiangazi tupu, na kitambaa kinapanda unyevu, magotini, mapajani. Midomo yake ikawa ya buluu. Pastory akamshika mabega amtikise, nikampiga kofi mkononi. Niliogopa, akizinduka nusu, nusu ibaki kule.

Nikapiga magoti mbele yake. "Nyanzira, mtoto yuko mgongoni?"

"Yuko."

"Jua linachomoza upande gani? Kimbilia huko. Kuna mwamba mweusi uliopasuka katikati, unauona?" Milima ile naijua kwa nyayo, nimechunga mbuzi humo, na milima haihami. "Kushoto kwa mwamba kuna njia ya mbuzi. Usifuate bonde! Bondeni maji yatakuwahi. Panda na mgongo wa kilima."

Alipanda. Leonida alikuwa anahema kifua kinapasuka, jasho na maji havitengani. Kila alipolegea nilimtukana. Nilimwita mvivu, nilimwita gunia, mambo ambayo sijapata kumwambia mwanafunzi. Unyevu ukafika kiunoni, ukasimama. Nikaanza kusali Salamu Maria kimoyomoyo.

Ndipo akasema, "Bibi, dada yangu."

"Dada gani?"

"Dada yangu yuko chini kwenye mawe. Ananiita. Ameniona. Bibi, hajui njia, nirudi nimwoneshe."

Kumbe ana dada. Madaftari yote yale, sikujua ana dada.

Nilijua akishuka harudi. Na nilimtazama mdogo wangu mbele yangu, gauni limelowa hadi kiunoni, mikono imeshika punje za kahawa. Sikufikiri hata kidogo. Nikasema, "Usigeuke. Panda."

"Bibi, analia."

"Nimesema panda!"

Akapanda. Alipanda huku analia kwa sauti, na mtoto naye akawa analia. Sijui ni dakika ngapi. Kisha akasema, kwa sauti ya mtu aliyekaukiwa, "Nimefika. Nyuma yangu hakuna mtu."

Leonida akapepesa macho. Alitapika maji, kidogo tu, maji safi. Pastory akamfunika shuka. Wifi yetu alileta uji. Mimi nilikaa chini kwenye vumbi, nikawa nacheka na kulia pamoja kwa sababu alikuwa hai. Wa kwangu alikuwa hai.

Siku zote hakuwa anakumbuka kitu. Safari hii alikumbuka. Alishika bakuli la uji bila kunywa, akatazama kule chini ambako ziwa linaonekana, limetulia, la buluu, na mitumbwi imekwisha kusogezwa majini kungoja kesho.

"Dada," akasema, "ulimwambia amwache dada yake."

"Ndiyo."

"Alikuwa karibu. Ningeweza kumfikia. Mimi ningerudi kumchukua."

"Najua ungerudi," nikamwambia. "Ndiyo maana nilipiga kelele."

Hakunigombeza. Ningependa anigombeze, anitukane mimi na babu yetu, kama anavyowafanyia wengine. Alikunywa uji funda moja, akaweka bakuli chini. Tulikuwa tuondoke alfajiri, lakini akasema kabla hajashuka ziwani anataka kumwombea yule aliyebaki chini, rozari nzima, kwa jina lake.

"Aliitwa nani?" akaniuliza.

Nilikuwa na madaftari matatu. Nilijua bei ya chungu katika mji ule, nilijua mtoto ameota meno mangapi, nilijua hata rangi ya mbuzi wa mfalme.

"Sikuuliza," nikamwambia.